Dolly Alilala Ijumaa

Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, supamaketi ya Carver ilikuwa imejaa hadi milangoni. Joleen Tveit alikuwa kwenye foleni, amekumbatia bata mzinga aliyegandishwa, vidole vimekufa ganzi, simu yake ilipolia ule mlio wa dharura wa kaunti. Simu ya mwanamume aliyekuwa mbele yake ikalia vilevile, wakati uleule.

Wote wawili walisoma ujumbe. Mwindaji mzee hajarudi kutoka mlimani. Kaunti ya Sorrel inaita vikosi vyote vya uokoaji vya kujitolea. Wakatazamana.

"Kikosi gani?" mwanamume aliuliza.

"Mbwa. Wewe?"

"Mto." Akamtazama bata mzinga. "Na huyo naye amejitolea?"

Walikuwa wamevaa jaketi za aina moja, za rangi ya chungwa, kwa miaka minne bila kukutana. Watu wa mbwa hufanya mazoezi Jumanne, wa mto Alhamisi, wa kamba na wa farasi wana siku zao, na kila kikosi huamini vingine ni mzigo. Mwanamume huyo aliitwa Ander Uberuaga, fundi umeme, mrefu, shati la flana limechakaa viwiko. Joleen alisafisha meno ya watu kliniki na alibana nywele zake kwa penseli. Mwindaji alipatikana amelala ndani ya gari lake, akakasirika kuamshwa. Ander alimletea Joleen kahawa, kisha hakuondoka.

Majira ya baridi yakapita kwenye simu. Ander alipiga asubuhi kuuliza kama amekula, na usiku kuuliza kama amemkumbuka. Joleen alijibu kwamba amemkumbuka Dolly, mbwa wake, ambaye alikuwa chumba cha pili. Begoña, mama yake Ander, alimlisha soseji za Kibaski na kumsema kwa wembamba wake. Mikel, mdogo wake Ander, alimwita shemeji kabla hajaruhusiwa. "Kaka, kwa huyu wewe ni wa pili baada ya mbwa," alisema mezani. "Shukuru hana paka." Pete ilishanunuliwa, Joleen alijua, kwa sababu Ander alikuwa fundi umeme ambaye uso wake haukuwa na swichi.

Aprili theluji iliyeyuka, mto ukafura. Alhamisi moja mtumbwi wa Mikel ulipinduka, na Mikel hakuonekana.

Ndugu wa aliyepotea haruhusiwi kutafuta, hata awe mtaalamu kuliko wote. Ander aliambiwa akae nyumbani na mama yake, na kwamba habari zote atazipata kwa naibu wa sherifu tu. Ijumaa akaitwa Joleen, kwa sababu kazi ya Dolly ni kunusa waliokufa. Akipata harufu hulala chini, kimya.

Saa tisa alasiri Dolly alilala kwenye changarawe, pua imeelekea kwenye rundo la magogo katikati ya maji.

Sheria ya mbwa ni moja: mmoja akilala, hakuna anayeiambia familia neno. Mto hubeba harufu na kuitupa mbali, na mbwa mmoja aliwahi kuiliza familia msiba mahali ambapo hapakuwa na maiti. Lazima aje mbwa wa pili kuthibitisha, na mwenye mbwa huyo asijue wa kwanza alilala wapi. Wa pili alikuwa kaunti jirani, na barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na maporomoko ya theluji.

Saa kumi na moja jioni Ander alipiga.

"Jo, naibu hasemi kitu. Niambie wewe, mpenzi. Dolly amelala?"

Joleen alikuwa ndani ya gari, mbwa aliyelowa maji nyuma yake.

"Bado tunatafuta," alisema.

Ander alishukuru na kukata simu. Aliamini mwanamke anayempenda asingemficha, kwa hiyo kwake jibu hilo lilikuwa hapana. Kama Dolly hajalala, basi Mikel hayumo majini. Yuko ng'ambo, amevunjika mguu, anangoja. Alimwambia mama yake hivyo, na Begoña akapika chungu kizima. Alfajiri ya Jumamosi Ander aliingia mtoni peke yake, bila kamba. Kikosi chake mwenyewe kilimtoa, bega limevunjika, mapafu yamejaa maji.

Jumapili mbwa wa pili alifika, akalala palepale. Mikel alitolewa chini ya magogo.

Joleen alikwenda hospitali. Ander aliuliza Dolly alilala lini, akajibiwa Ijumaa. Akauliza saa ngapi.

"Saa tisa."

"Nilikupigia saa kumi na moja."

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani.

Kwenye mazishi Joleen alikaa safu ya mwisho, gauni la bluu nyeusi, na hakuna aliyemsogeza mbele. Simu zake hazikupokelewa. Akaacha kupiga Julai.

Oktoba, Jumapili ya mvua, Ander alibisha hodi. Alikuwa amekonda, na mkono mmoja ulichelewa kutoka kwenye koti. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kusoma mita.

"Nina swali moja. Ningekupigia leo, saa ileile, ungeniambia?"

Uongo mmoja mdogo ungemrudishia kila kitu. Joleen aliuona, akauacha.

"La. Nisingekuambia."

Ander aliitikia kwa kichwa. Akasimulia kwamba wiki iliyopita, kwenye bwawa, baba mmoja alimshika mkono wa jaketi na kumuuliza kuhusu binti yake. Watu wa boti walikuwa wameshauona mguu wake majini.

"Nikamwambia bado tunatafuta. Ilinitoka kirahisi, Jo. Akanishukuru."

"Basi umenisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Hilo ndilo tatizo. Hasira nilijua itaisha, na imeisha. Lakini ukinipigia simu siwezi kuipokea. Nitakuuliza jambo, utanijibu, na sitajua ni wewe unayejibu au ni kikosi."

"Nitaacha kikosi. Kesho."

"Kaunti ina mbwa wangapi wa kazi hiyo?"

"Huyu tu."

"Basi huachi. Ukiacha, Mama atakuja kukuchapa makofi mwenyewe. Bila Dolly, Mikel angekuwa chini ya magogo yale mpaka leo."

Mvua ilipiga dirisha. Dolly alikuwa ameweka kidevu juu ya buti la Ander.

"Anastaafu lini?" Ander aliuliza.

"Akifika miaka kumi. Miwili na nusu kutoka sasa, magoti yakikubali."

Ander alisimama, akavaa koti na kufunga vifungo kwa mkono mmoja, polepole, na hakutaka kusaidiwa. Mlangoni alimshika Joleen shavu kidogo tu, kiganja kimelowa maji ya koti.

Joleen alitaka kumuuliza kama baada ya miaka hiyo miwili na nusu kuna matumaini. Akamtazama machoni, akakumbuka jinsi swali hilo linavyomtesa anayeulizwa, akamfungulia mlango.