Wali wa Jaruba la Mwisho

Alfonsi alisema maharage hayana chumvi. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, maana hapo walipokaa chumvi ilikuwa kwenye nywele, kwenye nyufa za miguu, na nje ya banda imelundikwa kama kichuguu. Kaka yake Polikarpo, aliyepika siku hiyo, akaonja. Chumvi ilikuwemo, tena imezidi. Akampa nyingine kiganjani. Alfonsi akailamba yote, akasema ni mchanga tu. Polikarpo akaacha kucheka.

Ndugu hawa walikuwa wametoka Newala kuja Kunduchi, nje kabisa ya Dar es Salaam ya enzi za Mwingereza, kufanya kibarua cha kiangazi. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua likayakausha, vibarua wakakwangua chumvi mpaka mvua za vuli zinapowarudisha kwao. Mama yao hakutaka Alfonsi aje. Alimruhusu shingo upande, akamwambia Polikarpo, "Ukirudi bila huyu, usirudi."

Basi bwana, baada ya maharage ikaja harufu. Banda la wanaume, maji ya kuoga ya shida, unategemea linukie nini? Lakini kila adhuhuri pale alipolala Alfonsi palinukia asumini mbichi, ile ya nywele za bibi harusi. Vibarua wenyeji wakaanza kuhamisha mikeka yao kimyakimya. Alfonsi mwenyewe hana habari! Amenawiri, anajichekea, na wenzake wakijilaza kukwepa jua la utosi, yeye huyo, anakwenda zake jaruba la mwisho, kwenye mikoko.

Siku moja Polikarpo akamfuata. Jua lilikuwa limepiga chumvi mpaka macho yakauma, hapana upepo wala ndege, na katika weupe ule akamwona mdogo wake ameketi peke yake ukingoni, anamega kitu kisichoonekana, anakula, anamega tena na kunyoosha mkono kumlisha mtu wa ubavuni, na hapo ubavuni, pasipo na mtu, gamba la chumvi lilikuwa limebonyea na kupasuka, maji yakipenya taratibu kwenye nyufa, kama linavyofanya gamba lile likikaliwa na mtu mzima.

Alirudi mbio kwa nyapara wao, Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa hapohapo. Mzee hakumcheka. Aliuliza jambo moja tu: yule kijana alikula nini siku aliyofika?

Alfonsi alipoulizwa alijibu bila wasiwasi. Alikuta wali mweupe kwenye bakuli jipya, na yai juu yake, umefunikwa kwa ungo pale jaruba la mwisho. Akala. Kwao chakula kilichofunikwa shambani ni cha mgeni, na mgeni ni yeye. Mzee Mwinshehe akashika kichwa. Ule ulikuwa wali wa wenyewe wa mahali pale, wale wasioonekana, wanaowekewa kila msimu unapofunguliwa, na haupikwi kwa chumvi.

Akaitwa Bi Mwajabu, mganga. Akafukiza ubani, akamfunika Alfonsi shuka nyeupe, akauliza nani yumo. Alfonsi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha lafudhi ya Kimakonde tupu, akajibu kwa sauti ya mwanamke, Kiswahili laini cha pwani.

"Huyu mume wangu. Amekula kwangu, wala sikumlazimisha."

Bi Mwajabu akambembeleza. Akamtajia mbuzi, akamtajia kitambaa na marashi. Yule mwanamke hakutaka. Mvua zikianza, alisema, atakwenda naye kwao, chini ya maji.

Polikarpo akasogea karibu na shuka. Akanong'ona, "Nikila mimi?"

Bi Mwajabu akamdaka mkono. "Baba, neno hilo usilirudie."

Lakini lilikwisha sikiwa. Chini ya shuka sauti ikasema polepole, "Ukila wewe, huyu namwacha."

Wali ulipikwa mchana uleule, ukapelekwa palepale, jaruba la mwisho. Polikarpo aliinua mkono afanye ishara ya msalaba kama alivyozoea, akaushusha kabla haujafika kifuani. Alikula huku analia, akala mpaka bakuli likawa tupu. Kule bandani Alfonsi akakohoa, akaomba maji kwa Kimakonde chake, akauliza kwa nini watu wamemzunguka. Alipoambiwa, alipiga yowe.

Mawingu ya vuli yalipoanza, lori likaja kuchukua vibarua. Alfonsi alimshika kaka yake miguu, akamsihi wapande wote. Polikarpo akamwinua taratibu, akampandisha, akampa na mzigo wake. Uso wake ulikuwa umetulia, tena una furaha, na hiyo ndiyo iliyomuuma Alfonsi kuliko kitu chochote.

"Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nimeoa," akasema Polikarpo. "Akiuliza mke wa wapi, mwambie wa hapahapa."

Kisha akasogea pembeni, kumpisha mtu amuage shemeji yake, na Alfonsi, juu ya lori, akahisi mkono wa baridi ukiushika wake.