Dumu la Maji ya Ghuba

Mimi ni muuza samaki. Kila asubuhi napanga samaki mezani nje ya nyumba. Mama mkwe hukaa pembeni, akipiga soga na wateja.

Kisha mtambo wa nyuklia wa pwani yetu ukapata ajali. Maji yenye chembe za mionzi yakavuja baharini. Uvuvi ukasimamishwa. Wiki tano sikuuza hata samaki mmoja. Nilikasirika, sikufichi.

Dada wa maabara, mpima maji, akatuletea dumu la lita ishirini.

"Hiki ni kipimo cha mwisho," alisema. "Samaki wenu tumeshawapima, wako salama. Maji nayo yakiwa salama, mtavua."

Mume wangu alikwenda na boti, akalijaza maji ya ghuba, akaliweka jikoni. Kesho yake dada akaja kulichukua.

"Mbona jepesi?" aliuliza. "Na mbona la moto?"

Mama mkwe akatabasamu. "Nimeyachemsha, mwanangu. Mionzi yote nimeiua. Haya, pima sasa!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama yangu, mionzi si vijidudu. Haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapotea kwa mvuke, chembe zinabaki. Chembe zilezile, maji machache. Kipimo kingepanda!"

"Ala! Yaani ningetufungia bahari mwenyewe?"

Mimi nilikuwa nafoka. "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuonea huruma, mwanangu. Kila siku unafuta meza isiyo na kitu."

Hasira zikaniisha palepale. Nikamshika mkono.

"Maji yanachotwa upya," dada alisema. "Twendeni wote."

Botini alitufundisha. Tulisuuza dumu mara tatu kwa maji yaleyale ya bahari. Tukalijaza, tukalifunika barabara. Niliandika tarehe, saa na mahali kwa mkono wangu.

"Msiongeze kitu, msipunguze kitu," dada alisema.

"Lakini maji yenyewe meupe kabisa," alisema mama mkwe. "Hata hayanuki."

"Mionzi haionekani, mama, wala hainuki. Mashine ya maabara ndiyo inayoitambua."

Siku tisa zilipita. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Kisha karatasi ikaja. Niliisoma kwa sauti mlangoni: mionzi iko chini ya kiwango cha hatari. Uvuvi umefunguliwa.

"Rudia hapo pa mwisho," alisema mama mkwe. Nilirudia mara tatu.

Kesho yake mume wangu alileta samaki. Mteja wa kwanza alisimama mbali na meza. "Hawa samaki ni salama kweli? Mimi nina watoto."

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alishainuka.

"Una haki kuuliza, mwanangu. Wamepimwa, na maji yao yamepimwa. Karatasi hii hapa, soma mwenyewe. Na kila mwezi yatapimwa tena. Siku yakiwa mabaya, mkwe wangu hatauza. Mimi mwenyewe nitamzuia."

Mteja alisoma polepole, mstari kwa mstari. Kisha akasogea.

"Basi nipe wawili," alisema. "Wakubwa."

Nikachukua kisu, nikaanza kupara magamba.