Maji ya Adhuhuri Juu ya Tanuf

Saa tisa kasoro robo mchana, Jumamosi ya pili ya Januari, Mudrick aliinua jiwe kando ya njia ya ukingoni, akapiga kelele.

"Bwana Hilali! Njoo utazame!"

Chini ya jiwe palikuwa na simu ya Othman. Hilali aliigeuza kwa ncha ya bakora yake. Kioo kilikuwa kama unga. Miaka thelathini ya upelelezi ilimfunza kutofautisha kitu kilichoanguka na kitu kilichopondwa. Simu hii ilipondwa, kisha ikafichwa.

Othman alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja.

Walikuwa marafiki wanne, na kila msimu wa baridi walipanda milima ya juu ya Tanuf. Saa nne asubuhi walifika njia panda. Hilali, goti likimuuma, alibaki hapo na dumu la maji na kahawa. Mudrick alishika ukingo ili apige picha. Ghassan alishika bonde. Othman aliondoka wa mwisho, Hilali akiwa ameinamia jiko, hata asimwone kaelekea wapi. Ahadi ilikuwa kukutana saa saba na nusu. Ghassan alirudi saa nane kasoro dakika ishirini, Mudrick saa nane kamili. Othman hakurudi. Walimwita na kumtafuta karibu na hapo mpaka sauti zikawakauka.

Mahali pale simu hazishiki. Jua lingezama saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, na Othman alikuwa na kanzu na kikoti chepesi tu. Kupanda ukingoni ni mwendo wa saa moja. Kufuata bonde hadi kwenye magofu ya kijiji, saa moja pia. Mwanga ulitosha njia moja. Hilali akikosea njia, kesho wangeteremsha maiti.

"Nilimwona kwa mbali akipanda ukingoni," alisema Ghassan. "Na simu si hii hapa, njia hiyo hiyo? Tusipoteze wakati."

"Uongo!" Mudrick aliruka. "Huko juu nilikuwa mimi na mbuzi."

"Asubuhi ulimwambia utamvunja mdomo," alisema Hilali.

"Kila Jumamosi namwambia, yakhe! Anakicheka Kiarabu changu. Ningekuwa wa kuua, si ningemuua zamani?"

Hilali aliwatazama kwa zamu. Mudrick alikuwa na vumbi kwenye paji la uso na mashavuni, jasho limechora mifereji. Ndevu za Ghassan zilikuwa safi, na nyayo zake ndani ya ndara hazikuwa na vumbi ila kwenye kisigino. Akauliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Mudrick, adhuhuri umesali vipi?"

"Vipi tena? Kwa kutayamamu, kwa vumbi. Kule ningepata wapi maji?"

"Na wewe, Ghassan?"

Ghassan ndiye aliyekuwa akiwasalisha watu mtaani kwao Firq. Hilali alimjua tangu ujana: binadamu mwenzake angeweza kumdanganya, lakini sala yake hakuwahi kuisemea uongo.

"Nilitia udhu," alisema mwishowe, polepole.

"Kwa maji gani? Chupa yako uliniachia mimi, ikiwa tupu. Bonde halijaonja mvua tangu mwaka juzi. Maji yapo mahali pamoja tu, kwenye falaji, mfereji wa kale wa magofuni, na kutoka huko ukingo hauonekani." Hilali alimshika ukosi wa kanzu kwa mikono miwili. "Yuko wapi ndugu yangu?"

"Tulisali pamoja," alisema Ghassan, machozi yakimtoka. "Yeye ndiye aliyenisalisha. Tulipotoa salamu nikamwuliza habari ya Yazeed wangu na binti yake Tahani. Miezi sita mwanangu anangoja jibu la posa. Akacheka. Nikamsukuma, wallahi mara moja tu! Nyuma yake pana shimo la zamani la falaji, kavu. Nilimwita, hakuitika. Simu ilimtoka mkononi. Niliiponda, nikaipenyeza hapa tulipokuwa tukitafuta, ili mdhani alipanda ukingoni."

"Umsukume mtu kwa kucheka?"

"Kwa neno alilosema. Alisema, 'Kaka Hilali kakataza. Kasema damu yenu haijulikani ilikotoka.'"

Mudrick aliinamisha kichwa. Hilali aliachia ukosi. Ndiyo, alilisema neno lile barazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi, kama mtu anayetema kokwa ya tende.

Alimtuma Mudrick ateremke mbio mpaka simu itakaposhika, aite polisi na gari la wagonjwa. Yeye akaondoka na Ghassan, akilikokota goti. Walifika magofuni saa kumi na robo. Shimo lilikuwa jeusi, kina cha watu watatu. Hilali alilala kifudifudi, akaita. Kimya. Akaita tena, safari hii jina la utotoni alilompa mama yao. Chini kukatoka mguno.

"Yu hai!" alilia Ghassan. Alifungua mkoba, akatoa kamba. "Nishuke mimi."

"Nani akuvute? Mimi na goti hili?" Hilali aliifunga kamba kiunoni mwake. Kwa muda ule walitazamana. Kisha akamkabidhi aliyemsukuma ndugu yake ncha ya pili. "Othman hana kosa. Neno lilikuwa langu. Kama una la kulipiza, lilipize kwangu, lakini yeye mpandishe kwanza."

Aliteremka, Ghassan akilegeza kamba, changarawe zikimmwagikia shingoni. Alimpapasa ndugu yake gizani. Mguu umevunjika, mikono baridi kama jiwe, pumzi ndogo. Aliifungua kamba kiunoni mwake mwenyewe, akamfunga Othman kwapani kwa mafundo mawili.

"Vuta!"

Kamba haikusogea. Hilali alihesabu pumzi za ndugu yake: moja, mbili, tatu, nne. Juu alisikia mtu mzima akilia kwa kwikwi, na ndara zikitafuta pa kukanyaga kwenye mawe.

Kisha kamba ikakazika, na mwili wa Othman ukaanza kuinuka.