Diski Iliyong'olewa Karatina

Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza, tumbo wazi. Skrini kubwa ya inchi kumi na saba ilikuwa palepale. Spika, maikrofoni, hata deki ya kaseti, vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni diski, ile inayohifadhi kazi yote.

Inspekta Kahiga wa polisi aliinama. Skrubu nne zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya kibodi. Mlango haukuvunjwa.

"Mwizi wa kawaida angebeba skrini," alisema.

Kingori, mwenye studio hiyo ya nyumbani, alikuwa ameketi kitandani amejishika kichwa. Mwaka ule wa 1998 kaseti yake ilikuwa ikipigwa kutoka Sagana hadi Nyeri.

"Album yangu ya Pasaka ilikuwa ndani, Afande. Nilimaliza Ijumaa. Na kwaya sita za watu. Sina copy ingine."

"Diski iliondoka lini?"

"Jana. Nilikuwa kanisani, naongoza nyimbo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Ni mimi tu." Akasita. "Mbae alikuwa nao. Tulikuwa tunaimba na yeye. Alikufa Agosti."

"Ulirudishiwa?"

Kingori alitikisa kichwa.

Kahiga aliomba karatasi za kununulia mashine. Pamoja na risiti ilitoka orodha iliyoandikwa kwa mkono, wino wa buluu: prosesa, kumbukumbu, kadi ya sauti, diski ya giga sita. Neno "sita" lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyeusi, juu yake pakaandikwa "mbili". Chini, kwa wino huohuo mweusi: skrini inchi 17.

"Wino wa buluu ni wa nani?"

"Karwitha, mjane wa Mbae. Anafundisha computer hapo town. Ndiye alinichagulia vitu."

"Na mweusi?"

"Ni mimi. Pesa haingetosha zote mbili, na wateja wanaangalia skrini."

Alasiri hiyo Kahiga alimkuta Karwitha darasani, wanafunzi wameshaondoka. Mwanamke mwembamba, sweta nyeusi, vidole vimetulia juu ya meza. Kahiga alimpa onyo la kisheria, kisha akaanza.

"Tumepata alama za vidole upande wa ndani wa kifuniko."

"Ni zangu."

"Ulimfungulia kompyuta wakati wa kuinunua. Labda ni za zamani."

"Usinitafutie njia, Afande. Niliingia na ufunguo wa mzee wangu. Disk niliitoa mimi."

"Kwa nini?"



"Nilimwambia Kingori, hii kazi ya sauti inakula disk. Dakika moja inameza megabaiti kumi. Chukua disk kubwa, skrini hata ndogo itatosha. Akakataa." Aliikunja mikono. "Mbae aliimba nyimbo kumi na moja pale, amekaa kwa stuli, kifua kinamuuma. Alijua anaenda. Alitaka watoto wake wamsikie. Baada ya mazishi, nikiwa sokoni, nasikia wimbo wake kwa spika ya duka. Nyimbo ni zake, kinanda ni chake. Sauti ni ya Kingori."

"Ukamwendea?"

"Nikamwuliza, sauti ya Mbae iko wapi? Akaniambia disk ilijaa, akafuta hiyo sauti. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya."

Kahiga aliandika. Kalamu yake ilikuwa imepunguza kasi.

"Diski iko wapi sasa?"

Karwitha alivuta mfuko wa unga kutoka chini ya meza, akaumimina. Vipande vya bati na vioo vya fedha vilitawanyika mbele yao.

"Kuna wataalamu Nairobi," Kahiga alisema taratibu. "Wakati mwingine wanafufua vilivyofutwa."

"Najua. Nilitafuta jana mchana kutwa. Nilipata sekunde nne. Mbae anakohoa, halafu anasema, 'Tuanze sasa.' Hizo nimeweka kwa floppy. Zingine zote zilikuwa kazi za Kingori, nikachukua nyundo."

"Utashtakiwa, mama. Wizi na uharibifu."

"Sawa."

Kahiga alimsomea taarifa aliyoandika. Karwitha alisikiliza hadi mwisho, kisha akaisukuma karatasi ikamrudia bila kutia sahihi.

"Haijakamilika. Umeandika niliiba Jumapili. Ufunguo nimekuwa nao tangu Agosti. Andika nilingoja amalize album yake."

Kahiga akaongeza mstari huo. Ndipo Karwitha akatia sahihi.