Bango Lisilo na Neno

Kila asubuhi ya shule, kabla kengele haijalia, Kozue alikuwa ameshachonga penseli zake sita na kuzipanga mezani kwa urefu. Darasa zima la sita katika mji wa Shiogama lilijua ni kwa nini. Bango la siku ya michezo alilichora Kozue. Orodha ya zamu za kugawa chakula cha mchana aliipamba Kozue. Mwenyewe alikuwa anajua kwamba anajulikana, na jambo hilo lilimkaa vizuri.

Kisha mwezi wa nne ukamleta Shiori, msichana mpole mwenye miwani, aliyehamia kutoka mji mwingine. Naye pia alijua kuchora.

Siku moja Mwalimu Sugawara aliwapa kazi. Bibi Tomoe, mwenye nyumba ya kuogea karibu na soko la samaki, alikuwa na shida. Wasichana wa Kivietnamu wanaofanya kazi kiwandani walikuwa wameanza kuja kuoga kwake, na baadhi yao hawakujua taratibu. Unakaa kwanza kwenye kibao, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza, ndipo unaingia katika hodhi la maji moto, kwa kuwa maji yale ni ya watu wote. Wateja wa siku nyingi walinung'unika.

"Malalamiko yasipokwisha, itambidi awazuie wageni," alisema Mwalimu. "Anataka bango. Lisiwe na hata neno moja. Picha zijisemee zenyewe."

Kozue alichora siku tatu mfululizo. Alichora mvuke, vigae vya buluu, na paka amelala dirishani. Shiori alichora visanduku vitatu tu: mtu anajisugua, mtu anajisuuza, mtu yumo hodhini. Darasa lilipopiga kura, Shiori alipata kumi na tisa, Kozue tisa.

"Pole, msanii," alisema Daigo, aliyekaa nyuma yake. "Leo umelala chali. Yule paka wako naye anaoga au anasubiri zamu?"

Wenzake wakacheka. Kozue akacheka nao, lakini moyoni kulikuwa kunawaka moto. Visanduku vitatu! Hata mtoto wa chekechea angechora vile.

Wenzake walipotoka, alibaki amesimama mbele ya bango la Shiori akitafuta kasoro. Mwenye wivu hachoki kutafuta, na akaipata. Visanduku vilianzia kulia kwenda kushoto, kama wanavyosoma vitabu vya katuni watoto wote wa pale. Kwao hakikuwa kitu cha kufikiria. Lakini ghorofani kwa akina Kozue alikuwa amepanga chumba Dada Hanh, Mvietnamu wa kiwandani. Mwezi uliopita Kozue alimwazima kitabu cha katuni, naye akakifungulia mwisho. "Kwetu tunaanzia kushoto," Hanh alimwambia huku akicheka. Basi mtu kama Hanh angelisoma bango hili kinyume: ingia hodhini, jisuuze, halafu jisugue kwa sabuni.

Shiori alikuwa bado mlangoni, anabadilisha viatu. "Kozue, wewe umenizidi uzoefu," alisema. "Unaonaje? Kuna kosa?"

Kozue alilitazama bango, akamtazama Shiori.

"Halina kosa," alisema. "Peleka tu."

Jumamosi jioni Kozue alikuwa ameshaoga, ameketi sebuleni kwa Bibi Tomoe na chupa ya maziwa baridi. Mara akaingia Dada Hanh, na beseni lake dogo kwapani.

"Nilikuwa naogopa kuja," Hanh alimwambia. "Lakini nimesikia sasa kuna picha. Leo sitakosea."

Kozue aliinamia chupa yake ya maziwa. Hanh akapita.

Haukupita muda, sauti zikasikika ndani. Hanh alitoka nywele zikichuruzika maji, macho mekundu. Nyuma yake alikuja Bibi Nomura, mteja wa miaka arobaini, amefunga mkanda wa vazi lake kwa hasira.

"Ameingia hodhini mkavu, hajajimwagia hata kopo moja," alimwambia Bibi Tomoe. "Na picha iko mbele ya macho yake. Mimi nimechoka. Chagua, wao au sisi."

"Nimefuata picha, Bibi," alisema Hanh kwa sauti ndogo. Kidole chake kilienda hewani kutoka kushoto hadi kulia. "Moja, mbili, tatu."

Hakuna aliyemwelewa ila Kozue. Alikuwa ametaka Shiori aaibike, na kumbe aliyeaibika ni Hanh.

"Bibi Tomoe," alisema akisimama, "Dada Hanh hajakosea. Kwao wanaanzia kushoto. Mimi nililiona kosa hilo kabla bango halijaletwa, nikanyamaza kwa sababu nilimwonea Shiori wivu."

Bibi Tomoe alikwenda kulileta bango, akaliweka juu ya meza. "Nomura, nionyeshe unavyosoma." Bibi Nomura akaanzia kulia. "Na wewe, binti." Hanh akaanzia kushoto. Bibi Nomura alitazama vile vidole viwili vilivyopishana, uso ukamlegea.

"Kumbe mtoto wa watu alitii," alisema.

Kesho yake asubuhi Kozue alikwenda kwa Shiori akamweleza yote.

"Nilikuuliza," alisema Shiori.

"Uliniuliza. Nikakudanganya. Nisamehe."

Shiori alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nimekasirika," alisema. "Lakini kaa. Watu wote husoma juu kwenda chini, sivyo?"

Walipanga visanduku wima, wakatia mshale kati ya kimoja na kingine. Safari hii walimpelekea Hanh kwanza, bila kumweleza lolote. Kidole chake kilishuka kutoka sabuni hadi hodhini bila kusita. Jioni ile alirudi kuoga, na Bibi Nomura akamsogezea kibao kando yake.

Jumatatu Mwalimu Sugawara, aliyekwisha kusikia yote, alilionyesha darasa mabango mawili, lile la kwanza na jipya.

"Picha nzuri na picha inayosomeka si kitu kimoja," alisema. "Tulipiga kura sisi, tunaosoma namna moja, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza atakayelisoma. Hilo ni kosa letu sote, na langu kwanza. Lakini ukiliona kosa la mwenzako ukanyamaza ili aanguke, hilo si kosa lake tena. Ni lako, na hujui litamwumiza nani."

Kozue aliinamisha kichwa.

"Sasa hili jipya kachora nani?" aliuliza Daigo.

Darasa zima likamgeukia Kozue.

"Shiori," alisema. "Mimi nilimchongea penseli."