Nyumba Iliyoandikwa Majina Mawili

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaojiandaa kuwa wazazi, nipeni masikio. Haya yalimpata mama mmoja fundi wa makochi, ambaye majirani walimwita Mama Pacha. Ukimpelekea kochi lililobonyea, sponji imechomoza nje kama utumbo, siku ya tatu unalichukua na kuona haya kulikalia.

Mumewe alifundisha udereva. Kwa vile alishinda akifoka "Klachi! Kanyaga klachi!", watu walimpachika jina la Mwalimu Klachi. Walikuwa na mabinti mapacha, na nyumba ya vyumba vitatu waliyoinunua kwa mkopo wa benki. Mkataba ulikuwa na majina yao wote wawili, na saini zao wote wawili.

Jumamosi moja asubuhi wote wanne walikuwa wanapaka rangi ukuta wa sebuleni. Pacha mdogo akampaka dada yake puani, dada mtu akalipiza, baba akacheka mpaka akakaa chini. Ungechungulia dirishani ungesema hawa wamepatia maisha. Lakini mabinti walipokwenda kunawa, baba aliweka brashi chini, akasema bila kumtazama mkewe:

"Nimepata chumba cha kupanga. Nahama wiki hii."

Mama Pacha hakushangaa sana. Kwa miaka miwili walikuwa wanaishi kama wapangaji wanaopishana jikoni. Kilichomchoma ni kwamba mume alichagua asubuhi nzuri kama ile.

"Na nyumba?" aliuliza.

"Mkopo nitalipa mimi. Wewe shika chakula na shule."

"Sawa."

"Sawa" hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyowaponza. Hakuna aliyeshika kalamu. Hakuna aliyeuliza kiasi gani, tarehe ngapi, mpaka lini.

Mume akahama, na tangu siku hiyo hawakusemeshana wao kwa wao. "Mwambie baba yako viatu vimechanika." "Mwambieni mama yenu nimesikia." Wasichana wa miaka kumi na mbili wakageuzwa matarishi, wakibeba maneno makali ambayo hawakuyatunga. Barua za benki zilipokuja, zikiwa na jina la mume mbele, Mama Pacha alizirundika juu ya friji. "Zake hizo," alisema. "Akizitaka atazifuata." Hakufungua hata moja. Kilikuwa kiburi, na baadaye mwenyewe alikiri.

Mwezi wa tano, alasiri, alirudi kutoka karakana akamkuta kijana mwenye futi ya kamba anapima ukuta wa mbele. Pacha mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kama askari.

"Mama, huyu kaka anasema nyumba yetu itauzwa. Nimemwambia kakosea njia."

"Sijakosea, mama," kijana alisema kwa upole. "Mimi ni mthamini, nimetumwa na benki. Mkopo haujalipwa miezi minne. Zikipita siku thelathini, nyumba inakwenda mnadani. Barua hamkupata?"

Mama Pacha aliingia ndani, akazishusha zile barua, akazisoma zote akiwa amesimama. Kisha akatoka moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa kufundishia udereva. Mumewe alikuwa ndani ya gari na mwanafunzi. Mama Pacha alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akaufunga.

"Mbona hulipi?"

"Tuko darasani hapa!"

"Nami nimekuja kujifunza. Mbona hulipi?"

Mwanafunzi alikaza macho mbele, akashika usukani kama anayeogopa kuzama.

"Nyumba mbili kwa mshahara mmoja, nani anaweza?" mume alisema. "Anayeishi ndani alipe."

"Wanaoishi ndani ni wanao."

"Wanangu nawanunulia vitu."

"Lini?"

"Washa gari," Mwalimu Klachi alimwambia mwanafunzi. Mwanafunzi akawasha, gari likaruka, likazima.

Mama Pacha alishuka akiwa amekwishakata shauri. Kesho yake alikwenda benki. Afisa wa mikopo, mama mmoja mwenye miwani, hakumzungusha. "Ndoa yenu sisi haituhusu," alisema. "Tunachojua ni saini, na saini ni mbili. Mmoja akiacha kulipa, wote mmeacha." Wakapiga hesabu pamoja. Hata angeshona makochi usiku na mchana, peke yake asingefika.

"Na tukiuza wenyewe kabla ya mnada?"

"Mkipata mnunuzi na wote mkasaini, sisi tunaridhia. Mnadani itakwenda kwa bei ya kutupa, na huenda mkabaki na deni."

Siku hiyo alilia karakana huku aking'oa misumari kwenye kochi la mteja. Nyumba ile aliipenda. Lakini misumari ilipokwisha, alinawa uso akaenda kuwaambia mabinti mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Kwa hiyo tumeshindwa?" pacha mdogo aliuliza.

"Tunahama. Kuhama si kushindwa."

Ndani ya wiki mbili alimpata mnunuzi, muuguzi mstaafu aliyegonga kila ukuta na kufungua kila bomba kabla ya kutaja bei. Bei ilikuwa ya haki. Ilibaki saini moja.

"Bora iende mnadani kuliko wewe ufaidi," mume alisema kwenye simu.

Wengine wangeishia kutukanana. Mama Pacha alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, akafungua shauri la matunzo ya watoto. Mume akaitwa. Alifika amevimba, amejaza maneno kifuani: nani alianza, nani alimdharau nani. Afisa ustawi, mzee mpole wa sauti, alimwacha akayamwaga yote, ndipo akauliza:

"Mabinti wako darasa la ngapi?"

"La tano."

Afisa aligeuza karatasi iliyotoka shuleni, akaisogeza kwake taratibu. Mwalimu Klachi akasoma. Walikuwa wameingia la sita tangu mwezi wa kwanza. Mama Pacha alikuwa na la kusema, tena kali, lakini alilimeza. Yule baba akafuta uso kwa kiganja.

"Andikeni, nitasaini," alisema.

Zikaandikwa karatasi mbili. Moja ya kuuza nyumba, kulipa benki na kugawana kilichobaki. Nyingine ya matunzo: kiasi kinachokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, nani analipa shule, nani analipa matibabu, siku zipi watoto wanakuwa kwa baba. Ya matunzo ilisajiliwa mahakamani, ili hasira za kesho zisiivunje.

Nyumba ikauzwa, benki ikalipwa, na Mama Pacha akapanga vyumba viwili karibu na karakana. Ni vidogo, kweli. Mlango wa kabati haufunguki mpaka kitanda kisogezwe. Lakini matunzo ya mwezi wa kwanza yaliingia tarehe yake. Na Jumamosi iliyofuata Mwalimu Klachi alifika mwenyewe, akagonga, akasimama kizingitini.

"Habari za kazi?"

"Nzuri. Wasubiri, wanamalizia chai."

Maneno machache hayo waliyasema wao kwa wao, na watoto wakanywa chai yao kwa amani.

FUNZO

Ndugu zangu, watu huachana. Sikuja kuwahukumu kwa hilo. Lakini ndoa ikiisha, mkopo haujaisha, wala uzazi haujaisha. Fungueni barua hata kama ina jina la mwenzako. Nendeni benki kabla benki haijaja kwenu. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe, yapelekwe panapohusika. Matunzo si zawadi ya mama wala adhabu ya baba. Ni haki ya mtoto. Na kama nyumba imekuwa kubwa kuliko mfuko, iachieni mkiwa na akili zenu, msingoje kutolewa. Watoto wanaweza kukulia kwenye vyumba viwili. Hawawezi kukulia katikati ya ugomvi wenu.