Waya Uliotutekenya

Nyumbani kwetu tunafua nguo za watu. Zamani, ukipita nje ya ua wetu asubuhi, ulisikia mabeseni, kisha maji, kisha sauti ya wifi yangu. Wifi yangu alikuwa mdogo wake mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Povu. Jina lilitokana na sabuni, lakini lilitokana pia na mdomo wake. Akianza kusema, hakuna wa kumfunga breki.

"Wifi, mwenye shati hili ni binadamu kweli?" aliniuliza siku moja, ameinua kola juu. "Au analivaa akilala chini ya lori?"

"Fua, mama. Asipolichafua tutakula nini?"

"Basi achafue kwa huruma!"

Mama mkwe alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akikunja nguo zilizokauka. Mume wangu ni seremala. Huondoka mapema kwenda karakana, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake na watoto.

Wakati wa kiangazi kazi ilikuwa nyepesi. Kamba yetu ya kuanikia ilikuwa katikati ya ua. Ukimaliza kusuuza beseni la pili, nguo za beseni la kwanza zimeshakauka. Shida yetu ilikuwa mvua. Ikianza kunyesha, nguo hazikauki. Tunaanika, tunaanua, tunaanika tena. Zikilala mbichi, zinanuka uvundo. Mwenye nguo akinusa tu, anapeleka kwingine.

Mwaka ule mawingu yalianza kujikusanya, na Povu akapata wazo.

"Safari hii mvua haitatupata," alisema. "Tutaanika upenuni, chini ya paa."

Alitafuta waya mgumu. Kamba, alisema, inalegea na mashuka mazito yanaburuzika kwenye tope. Akapanda juu ya meza, akafunga ncha moja ya waya kwenye msumari wa bati, pembeni ya paa. Ncha nyingine akaifunga kwenye msumari mwingine wa bati, mwisho wa pili wa ukuta uleule. Waya ukanyooka vizuri. Tuliusifu wote. Hata mume wangu aliporudi alisema, "Sasa wewe ndiye fundi, mimi nikafue."

Hakuna kati yetu aliyetazama mahali waya wa taa ya nje unapotoka ndani ya nyumba. Unapita kwenye tundu la bati, hatua chache tu kutoka pale tulipofunga waya wetu.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Asubuhi yake nilikwenda kuanika nguo za mtoto. Nilipougusa waya, vidole vyangu vikawa kama vimetambaliwa na siafu. Nikatoa mkono haraka.

"Povu! Waya huu una nini?"

Akaja, akaugusa kwa kidole kimoja, akacheka. "Unatekenya! Mama, njoo utekenywe!"

Mama mkwe akagusa naye. "He! Kweli," akasema, na yeye akacheka.

Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Mtoto akikohoa mara moja, mimi nimeshasimama. Nikawaambia, "Huu ni umeme. Tumwite Swichi."

Swichi ni jirani yetu, fundi umeme. Uzio wake na wetu ni mmoja.

"Swichi akija atatukatia umeme," Povu akasema. "Kisha mashati ya watu nitayapigia pasi kwa kitu gani? Kwa makalio?"

"Afadhali yakae na mikunjo."

"Wifi, wewe kunguru kweli! Huo ni umeme mdogo. Mkubwa ungeturusha. Vaa ndala tu, husikii kitu."

Akavaa ndala zake za plastiki, akaushika waya kwa mkono mzima. Akaturingia, akajitingisha kama anayecheza ngoma. Hakuna kilichompata.

Kuanzia siku ile ikawa sheria ya nyumba. Jozi moja ya ndala ilikaa chini ya waya. Anayekwenda kuanika anavaa ndala. Watoto tuliwakataza kusogea. Tukaona tumemaliza. Tuliizoea hatari kama unavyomzoea mbwa wa jirani. Lakini mimi kila nilipomwona Povu amenyoosha mikono juu, niliacha kufua mpaka aishushe.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ikapungua, kukabaki manyunyu. Povu alikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, na yalitakiwa jioni ile.

"Yakipata upepo kidogo tu, pasi itamalizia," alisema.

Akabeba shuka bichi mabegani. Maji yalikuwa yakimtiririka mpaka miguuni. Mimi nilikuwa mlangoni nikikamua nguo. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Niliona mguu wa Povu ukizama kwenye tope. Ndala ikanasa, kikanda chake kikakatika. Povu akayumba. Mtu akiyumba hushika kilicho karibu. Yeye alishika waya kwa mikono miwili, mguu mmoja uko wazi ndani ya maji.

Hakupiga kelele. Nataka mlijue hilo. Sisi tulidhani mtu akipigwa na umeme atapiga kelele, atarushwa. Povu alikakamaa tu. Meno yaliumana, mikono ilikakamaa, shuka likamdondoka mabegani. Yule aliyekuwa akisema kutwa nzima hakutoa neno.

"Mwanangu!" mama mkwe akaita, akanipita mbio.

Wakati huohuo Swichi akapiga kelele kutoka upande wa pili wa uzio. "Msimguse! Msimguse! Zima swichi kuu!"

Nilimdaka mama kiunoni. Alikuwa akienda kumshika bintiye kwa mikono iliyolowa. Alinisukuma, akanipiga kiwiko mdomoni. Sikumwachia.

"Niache! Anakufa mwanangu! Niache, wewe!"

Nikamburuta mpaka ndani, maana swichi kuu iko ukutani kwenye chumba cha mbele. Nilimshika kwa mkono mmoja, nikaivuta swichi kwa mkono mwingine. Taa ikazimika. Nje tukasikia kishindo cha mtu kuanguka.

Swichi alikuwa ameruka uzio. Akamlaza Povu chali mahali pakavu, akaanza kumbonyeza kifua kwa nguvu, bila kupumzika. Majirani wakaleta gari. Njiani aliendelea kumbonyeza. Hospitalini daktari alijitahidi, kisha akatoka, akamtazama mume wangu aliyekuwa amefika na vumbi la mbao kichwani. Akatikisa kichwa.

Tulimzika wifi yangu mvua ikinyesha.

Mashuka ya nyumba ya wageni niliyafua tena mwenyewe, nikayapeleka. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Msibani watu walisema. Watu husema. "Mama alikuwa anakwenda kumwokoa, mkwe akamzuia." Nilisikia nikiwa jikoni. Mama mkwe naye alisikia, na hakusema sivyo. Aliacha kabisa kunisemesha. Nikimpelekea chai, aliipokea akitazama ukuta. Nikimwamkia, aliitikia kwa sauti ya chini, kama anayemwitikia mpita njia. Siku moja alimwambia mume wangu, nami nikiwepo, "Mwanangu aliniangalia. Alikuwa ananingoja nimfikie."

Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye kigoda, nikalia mpaka mtoto wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Umeme wa nyumba tuliuacha umezimwa. Baada ya msiba Swichi alikuja na ngazi. Alimwambia mume wangu, "Kaka, naomba nione. Sitaki mwingine afe mtaa huu." Akapiga simu shirika la umeme, wakaja wakakata kule kwenye nguzo. Ndipo akapanda.

"Njoo uone," akaita. Mume wangu akapanda. Mama mkwe alisimama chini, mtandio kichwani, akisikiliza.

"Tundu hili la bati lina ukingo mkali kama kisu," Swichi akasema. "Kiangazi chote upepo unatikisa bati, na bati linakwaruza waya huu wa taa ya nje. Jua nalo limeukausha mpira wake. Ona, umepasuka. Shaba inagusa bati."

"Kwa hiyo paa zima lilikuwa na umeme?"

"Paa zima. Lakini liko juu, nani analigusa? Tena kiangazi kila kitu ni kikavu. Mlipofunga waya wa nguo kwenye bati, mkalishusha paa mpaka mikononi mwenu. Mvua ikaja ikalowesha ardhi na nguo na miguu. Umeme ukapata njia."

"Mbona siku za kwanza ulikuwa unatekenya tu?" nikauliza.

"Mwanzoni ardhi ya upenuni haikuwa imelowa sana, kisha ndala zikaupunguza, shemeji. Lakini ndala si dawa. Umeme unaotekenya leo ndio uleule. Unasubiri tu maji. Ukisikia bati linatekenya, au bomba, au friji, au ukuta, usitafute ujanja. Usiguse tena. Zima swichi kuu, ita fundi. Hata kama utapika gizani."

Ndipo mama mkwe akafungua mdomo.

"Baba, niambie ukweli. Ningemshika mwanangu, ningemwokoa?"

Swichi alishuka kwenye ngazi kwanza. Akavua kofia.

"Hapana, Mama. Umeme ungepita kwake ukaingia kwako. Ungekakamaa palepale pamoja naye, na huyu mkweo angekuja kukushika wewe, naye angekakamaa. Mtu aliyenaswa haguswi mpaka umeme uzimwe. Na ukishazimwa, kama hapumui, anabonyezwa kifua mpaka msaada ufike. Kuna wanaorudi."

"Na yeye hakurudi."

"Hakurudi, Mama. Pole."

Mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango wake. Hakunitazama.

Kazi ikafanyika. Swichi aliingiza waya mpya ndani ya bomba la plastiki, ili bati lisiukwaruze. Alizika chuma kirefu ardhini, akaunganisha na waya wa kijani unaopitisha umeme uliopotea njia, uende ardhini badala ya kwenda kwa mtu. Akafunga pia kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Mume wangu alijenga kibanda cha kuanikia mbali na nyumba. Nguzo zake ni za mbao, juu kuna karatasi ya nailoni, pembeni kuko wazi upepo upite. Kamba zake ni za katani. Zikilegea, tunazikaza. Ule waya mgumu mume wangu aliukata vipande vipande.

Sasa kila mwaka kiangazi kinapoelekea mwisho, tunamwita Swichi kabla ya mvua. Anaangalia nyaya juu ya paa, anapiga misumari iliyolegea, anabonyeza kile kifaa kuona kama kinakata. Ni kazi ya asubuhi moja. Mvua imerudi, nguo zinakauka kibandani, na wateja hawajatukimbia. Watoto wanajua swichi kuu iko wapi, hata yule mdogo anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Lakini mama mkwe alikuwa bado hanisemeshi.

Juzi mvua ilitukuta mimi na mama mkwe njiani tukitoka kupeleka nguo. Tukajibanza kwa jirani anayeuza mkaa. Ana kibanda cha mbao chenye paa na mlango wa bati, na ndani kuna taa na redio. Akatukaribisha, kisha akasema huku anacheka, "Ingieni, ila msiushike mlango. Mvua ikinyesha unanitekenya. Mimi nina gunia langu hapa, naushikia kwa gunia."

Nilirudi nyuma mpaka mvuani.

Mama mkwe akasema, "Zima umeme."

"Ah, Mama, ni kidogo tu. Mteja wangu akija..."

"Nimesema zima umeme! Binti yangu naye alikuwa na ujanja wake. Unamkumbuka binti yangu?"

Muuza mkaa akaacha kucheka.

Mama mkwe akanishika mkono. Tangu msiba alikuwa hajanigusa.

"Siku ile huyu alinishika, nikampiga mpaka akatoka damu mdomoni, na hakuniachia," akasema. "Nilitaka kumfuata mwanangu. Huyu mwanangu mwingine akanikatalia. Kwa hiyo nipo, nakwambia. Zima."

Muuza mkaa aliuzunguka mlango bila kuugusa, akanyoosha mkono ndani kwenye ukuta wa mbao. Tukasikia swichi kuu ikilia tak. Redio ikanyamaza.

"Nenda kamwite Swichi, mwanangu," mama mkwe akaniambia. "Mimi nitasimama hapa, asipite mtu."